Nakala Ibaki Ipogolo

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa barabara kuu, akishapanda Kitonga na kuipita Ilula, hufika Ipogolo kabla hajauingia mji wa Iringa. Mji wenyewe umekaa juu kilimani. Ipogolo iko chini, karibu na Mto Ruaha Mdogo, pale njia ya kupandia mjini inapoachana na barabara kuu. Hapo malori hupumzika, abiria hununua vitunguu na nyanya, na baridi ya Julai humlazimisha hata mtu wa Visiwani mwenye kujivunia ukakamavu wake aazime koti. Hapo ndipo tulipokuwa, katika safari ya shughuli za Chama, tulipoona jambo ambalo hatukuona vyema kuliacha lipite bila ya kuliandikia.

Vijana wanne wa kigeni, wanafunzi wa Kiswahili, walikuwa wamemzunguka bibi mmoja muuza vikapu. Mmoja alishika kamera iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, wa pili kinasa sauti, wa tatu daftari, na wa nne, binti wa miaka ishirini hivi, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Kazi waliyopewa na mwalimu wao, kama walivyotueleza baadaye, ilikuwa kutengeneza filamu fupi juu ya utamaduni wa mahali walipo, kwa Kiswahili kitupu, bila ya mkalimani.

Binti alipiga goti kidogo, kama alivyofundishwa, akasema: "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene."

Binti akababaika, kwani neno hilo halikuwamo katika kitabu chake. Kijana mwenyeji aliyefuatana nao akamnong'oneza kwamba hiyo ni salamu ya Kihehe, naye akaijibu kwa furaha. Kisha akaomba: "Bibi, tunaweza kukupiga picha?"

Bibi akacheka. "Kunipiga mtanipiga, mwanangu. Lakini mkishanipiga, mimi hiyo picha nitaiona lini?"

Binti alitafuta maneno. Hatimaye akasema: "Tutarudi."

Bibi hakukasirika. Aliendelea kusuka, akasema kama mtu anayeeleza habari za mvua: "Wa mwaka juzi nao walisema hivyo."

Swali hilo la Bibi ndilo tunalotaka kulijadili leo. Tunalijadili mbele ya wananchi wa Visiwani, ambao lugha yao ndiyo iliyowaleta vijana wale hadi Nyanda za Juu, na mbele ya watendaji wa Serikali, ambao kalamu zao ndizo zinazotoa ruhusa na kuweka masharti.

Kwanza tuseme lililo haki. Njia hii ya kujifunza lugha ni njema, tena ni njema sana. Mwanafunzi aliyeketi darasani hujibu maswali ambayo majibu yake mwalimu anayajua tayari. Mwanafunzi aliyesimama barabarani na kamera analazimika kuuliza asilolijua, kungoja, kusikiliza, na kuuliza tena kwa adabu pale ambapo hakuelewa. Hawezi kuficha ujinga wake, kwa sababu kinasa sauti kinahifadhi kigugumizi chake pamoja na hekima ya aliyemjibu. Akirudi usiku chumbani, sentensi moja ya mzee huisikiliza mara kumi au ishirini ili aiandike neno kwa neno, kisha aitafsiri iingie chini ya picha. Sentensi iliyosikilizwa mara ishirini haitoki tena kichwani.

Sisi tuliotiwa chuoni kabla ya kupelekwa skuli ya Serikali tunaifahamu njia hii. Mwalimu wetu hakutuanzia kwa maana. Alitusomea, tukamfuatisha, tukakosea, akaturudisha, tukarudia mpaka ulimi ukanyooka, na maana ikaja baadaye kukaa mahali palipokwisha kutandikwa. Lakini chuoni kulikuwa na sharti jingine ambalo watu husahau kulitaja. Mtoto aliyesomeshwa alitakiwa arudi mbele ya mwalimu, asome alichopewa, mwalimu asikie. Hakuna aliyechukua somo akaenda nalo moja kwa moja. Elimu ilitoka kwa mwalimu na ikarudi masikioni mwa mwalimu. Hilo ndilo sharti ambalo halikuwepo Ipogolo.

Wala jambo hili si geni kwa Visiwa vyetu. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alifika Unguja mwaka 1864. Aliisoma lugha kwa kukaa na wenyeji na kuziandika hadithi walizomsimulia. Mwaka 1870 hadithi hizo zilichapwa London, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha kufundishia lugha. Kalamu ya Steere ndiyo iliyokuwa kamera ya zama zile. Hatukatai kwamba ametuhifadhia hazina. Lakini jaladani mwa kitabu cha hadithi mmeandikwa tu kwamba zimesimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Jina lililosimama peke yake juu ya jalada ni la aliyesikiliza. Waliosema ni "wenyeji".

Wadachi nao walipotaka kuitawala Tanganyika walitambua kwamba bunduki bila ya lugha ni kazi nusu. Chuo cha lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kikafundishwa humo kwa msaada wa wenyeji wa huku kwetu. Mmoja wao alikuwa Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha huko mwanzoni mwa miaka ya 1890. Baadaye, mwaka 1900, alikwenda Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekuwa ameandika sehemu kubwa ya habari za mila na desturi za Waswahili zilizochapwa mwaka 1903 katika kitabu Desturi za Wasuaheli. Kitabu hicho kilitoka kwa jina la Carl Velten. Ilipita miaka 78 kabla ya kuchapwa, mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza yenye jina la Mtoro juu ya jalada. Mtoro mwenyewe alikwisha kufariki Berlin tangu mwaka 1927.

Tunayaeleza haya si kwa kutafuta ugomvi na waliokufa. Tunayaeleza ili ionekane kwamba swali la Bibi wa Ipogolo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Amelirithi kutoka kwa wale wasimulizi wa Unguja, na yeye ni wa kwanza tuliyemsikia akilitamka kwa sauti.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Iko kamera inayouliza, na iko kamera isiyouliza. Wazee wa Visiwani wanaikumbuka ile ya pili. Januari 1964, siku za Mapinduzi yetu, watengenezaji sinema wa Kitaliano waliruka juu ya ardhi ya Unguja na kupiga picha kutoka angani. Picha hizo wakazitia katika filamu yao Africa Addio, iliyotoka mwaka 1966. Filamu hiyo ilizunguka duniani ikimwonyesha Mwafrika aliyejitawala kuwa ni mtu aliyeshindwa. Waliozipiga picha zile hawakuteremka kumwuliza mkulima wa Unguja hata neno moja: kwa nini mmefanya haya, mlikuwa mkiishi vipi jana, mnataka nini kesho? Walikuwa na macho makubwa ya vioo, lakini ulimi hawakuwa nao. Mtu atazamaye kutoka juu bila ya lugha huona umati tu. Hawezi kuona watu.

Mwaka 2006 Rais wa wakati ule, Ndugu Jakaya Kikwete, alilazimika kulihutubia Taifa na kuilaumu hadharani filamu Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza na Hubert Sauper juu ya biashara ya samaki wa Ziwa Victoria. Wako waliomuunga mkono na wako waliosema filamu ile ilisema kweli. Sisi hapa hatuamui kesi hiyo. Tunasema tu kwamba Taifa lilikuwa likijibu baada ya filamu kwisha kuonekana nchi za nje na kupata sifa zake. Maji yakimwagika hayazoleki. Wakati wa kuuliza "nitaiona lini" ni ule ambao kamera bado imesimama mbele yako, kama alivyofanya Bibi.

Binti yule wa Ipogolo, basi, hana hatia ya wale wa angani. Yeye aliteremka. Alipiga goti, akasalimu, akakubali kusahihishwa. Kosa lake, kama ni kosa, ni dogo na linaweza kurekebishwa: hakufundishwa kwamba kazi ya filamu haimaliziki pale mwalimu wake anapoitia alama, bali humalizika pale aliyepigwa picha anapoiona na kusema, "Naam, ndivyo," au "La, hapa hukunielewa." Huko kusahihishwa na mwenyewe ndiko kungekuwa somo bora kuliko yote. Mwanafunzi asiyeirudisha filamu anamdhulumu Bibi haki yake, na anajidhulumu mwenyewe nusu ya elimu aliyoifuata.

Mkoa wa Iringa una ushahidi mzito juu ya vitu vinavyochukuliwa na visivyorudi kwa wepesi. Kutoka Ipogolo mpaka Kalenga si mbali, ni mwendo wa kilomita chache ng'ambo ya mji. Huko, katika jumba la makumbusho, limewekwa fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wadachi Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na aliyejiua Julai 1898 kuliko kushikwa nao. Kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Kurudishwa kwake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, na bado hakikurudi mpaka tarehe 19 Juni 1954, kilipoletwa na Gavana Twining. Miaka 56 ilipita, pamoja na vita viwili vikuu vya dunia na mkataba uliotiwa saini na mataifa.

Hatulinganishi kikapu na fuvu la shujaa. Lakini tunajiuliza: ikiwa kitu ambacho mataifa yamekubaliana kwa maandishi kirudishwe kilichukua miaka 56, sauti ya bibi mmoja muuza vikapu, ambayo hakuna mkataba wowote unaoitaja, itarudi lini?

Tukigeukia upande wetu wenyewe, mambo hayatufurahishi zaidi. Tulizungumza na yule kijana mwenyeji aliyewasaidia wageni. Ni mwanafunzi, amezaliwa Iringa, baba yake Mhehe. Alitueleza bila ya kujificha kwamba usiku ule, walipokaa kuyaandika maneno ya Bibi, wageni walimwuliza majina ya Kihehe ya hatua za ususi: majani ya milulu yanapokatwa kinamasini, yanapokaushwa, yanapotiwa rangi, pale kikapu kinapoanzwa kitakoni na pale kinapofungwa ukingoni. Hakuyajua. Ilibidi asubuhi aende kwa Bibi kuuliza, yeye pia, kama mgeni. "Nilishukuru kwamba wamekuja," alisema, "lakini niliona haya."

Haya hiyo si ya kijana yule peke yake. Makunduchi kila Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa. Watu hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, akina mama huimba, na kamera za wageni huwa nyingi kama chungu kwenye sukari. Ni filamu ngapi katika hizo zimewahi kurudi Makunduchi zikaonyeshwa uwanjani, wazee wakakaa mbele na kusahihisha? Na ni vijana wangapi wetu wa mjini, wenye simu za kupigia picha mifukoni, waliowahi kukaa na mzee wa Makunduchi, wa Tumbatu au wa Micheweni wakamwuliza, kwa utaratibu na kwa saa nzima, juu ya maneno ambayo yatazikwa pamoja naye? Baraza la Kiswahili la Zanzibar limefanya kazi ya kusifiwa kwa kutoa kamusi za lahaja zetu za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Lakini kamusi haina mikono. Haionyeshi jinsi mzee anavyoinua nyavu anapolitamka neno la uvuvi, wala jinsi bibi anavyonyamaza kidogo kabla ya kulitaja jina la aliyekufa. Vijana wetu hupiga picha za harusi, za vyakula na za nafsi zao. Wageni ndio wanaouliza. Siku moja tutasafiri mpaka vyuo vya ng'ambo kuomba ruhusa ya kuzisikiliza sauti za bibi zetu.

Tangu UNESCO ilipoitangaza, Novemba 2021, tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka tunafanya sherehe, tunasoma mashairi na kujipongeza kwamba lugha iliyosanifiwa kwa msingi wa Kiunguja imekuwa lugha ya ulimwengu. Ni haki yetu kujipongeza. Lakini mwenye nyumba anayejisifu kwa wingi wa wageni, na hajui wageni wametoka na nini, huyo bado hajawa mwenye nyumba.

Basi tunapendekeza nini? Sheria hazikukosekana. Tanzania Bara ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na marekebisho yake ya mwaka 2019 yamewataka wageni wanaopiga filamu nchini wawasilishe kwa Bodi ya Filamu nakala ya picha walizozipiga. Kwetu Zanzibar liko Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Msingi, kwa hivyo, umekwisha kutambuliwa: anayechukua aache nakala. Kilichobaki ni kuuteremsha msingi huo kutoka makao makuu mpaka mtaani na kwenye shehia, kwa aliyepigwa picha. Bibi hatapanda basi kwenda kuitafuta sura yake katika kabati la Bodi.

Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, kila chuo kinachopokea wanafunzi wa kigeni wa Kiswahili, cha Bara na cha Visiwani, kiweke sharti kwamba ridhaa iombwe kwa lugha anayoielewa mwenye kupigwa picha, kabla ya kamera kuwashwa, na jina lake liandikwe katika filamu, akipenda, mahali pale pale yanapoandikwa majina ya wanafunzi. Asiitwe "mwenyeji".

La pili, filamu ionyeshwe mahali ilipopigwa kabla ya wanafunzi hawajaondoka nchini. Shuka jeupe ukutani mwa ofisi ya mtaa linatosha. Nakala moja ibaki kwa aliyepigwa picha au kwa jamaa zake, na nakala nyingine iwekwe pahala pa kuhifadhiwa: kwa Iringa, Makumbusho ya Boma yaliyofunguliwa mwaka 2016, kwa Zanzibar, Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani.

La tatu, kila mwanafunzi mgeni aambatanishwe na mwanafunzi mwenyeji, nao wawe sawa katika kazi na katika sifa. Kijana yule wa Ipogolo alibeba miguu ya kamera, akafasiri, akauliza, akakimbia asubuhi kwenda kwa Bibi. Hatuna hakika kama jina lake litaonekana.

La nne, na hili ndilo kubwa, kazi hii tuifanye wenyewe. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wapelekwe Iringa, Njombe na Mbeya, na wale wa Iringa waletwe Makunduchi na Pemba, wakiwa na kazi ile ile ya binti wa kigeni: filamu fupi, kwa Kiswahili, juu ya jambo moja la watu wa mahali hapo. Kijana wa Unguja atajifunza kwamba Kiswahili chake si cha pekee na kwamba "kamwene" nayo ni adabu. Kijana wa Iringa atajifunza chimbuko la maneno anayoyasoma vitabuni. Muungano wetu umejengwa kwa mikataba na vikao. Utaimarishwa pia kwa vijana wanaojua kuuliza hali za wazee wa upande wa pili.

Tunalo onyo moja kwa watendaji wenzetu. Mapendekezo haya yasigeuzwe kuwa kisingizio cha kuwakimbiza wanafunzi barabarani, kuwanyang'anya simu na kudai ada isiyo na stakabadhi. Tumewahi kumwona mtendaji ambaye neno pekee alilojua juu ya utamaduni lilikuwa "kibali". Anayekuja kwa goti na salamu apokewe kwa salamu. Tunachokitaka kwake ni deni la heshima, nalo hulipwa kwa nakala.

Tunamalizia kwa kukiri jambo. Siku ile, baada ya wageni kuondoka, tulimnunulia Bibi kikapu kimoja cha milulu, tukalipa bei aliyoitaja bila ya kubishana. Tulikuwa ndani ya basi, tumekwisha kufika Mafinga, tulipokumbuka kwamba kikapu tumekilipia, lakini maneno yake tumeyachukua bure katika daftari letu, nasi hatukumwambia kwamba tutayaandika gazetini. Tumefanya kama walivyofanya wa mwaka juzi.

Kwa hiyo nakala ya gazeti la leo itasafiri kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa basi la Iringa, na kijana yule mwanafunzi amekubali kuipokea njia panda ya Ipogolo. Atamsomea Bibi makala haya kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa tumekosea neno lake lolote, tumemwomba Bibi aturudishe, nasi tutasahihisha katika ukurasa huu huu.